Siku ngoma ya shule ilipoita msiba

Mvua imekatika, lakini leo Ambindwile Mwasomola hajaenda kufyeka uwanja. Anateremka kijia cha utelezi kinachotoka nyuma ya jiko la shule kuelekea kwenye migomba ya Kawetele. Suruali ameikunja hadi magotini, kofia ameishika mkononi. Kila anapofika kwenye mlango wa mtu anabisha hodi na kusema maneno yale yale.

"Shikamoo, mama. Leo watoto watapiga ngoma. Ni mazoezi tu. Hakuna aliyefariki."

Wengine wanacheka. Wengine wanaitikia kwa kichwa na kuendelea kumenya ndizi. Kwenye nyumba moja ya bati jekundu, bibi aliyekaa kibarazani anamtazama kwa muda kabla ya kumjibu.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Siku ile nayo ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyefariki."

Ambindwile anavaa kofia, anaaga, anaelekea mlango unaofuata.

Ukimwona hivi unaweza kudhani ni mtu anayekusanya michango au anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Sivyo. Huyu ni mfanyakazi wa shule ya sekondari ya serikali iliyo juu ya kilima, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na matembezi haya ni sharti alilopewa na kamati ya wazazi. Kabla ngoma ya shule haijalia, lazima yeye mwenyewe apite kwa majirani kuwatoa hofu.

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kutunza viwanja, na kwa Rungwe hiyo si kazi ya mchezo, maana mvua haiishi na nyasi haziombi ruhusa. Anapofika kufyeka goli la pili, la kwanza limeshaota. Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, fedha inayotokana na michango ya wazazi. Kwa kazi ya pili, ya kufundisha ngoma, halipwi kitu na hajawahi kuomba.

"Ngoma nilirithi kwa baba," anasema. "Yeye alikuwa mpigaji wa misibani. Akiitwa Isongole anakwenda, akiitwa Kyimo anakwenda. Mimi namfuata nyuma nimebeba ile ndogo."

Ili msomaji aelewe kilichotokea, inabidi kwanza aelewe jambo moja kuhusu ngoma hiyo. Katika vijiji alivyokulia Ambindwile, ngoma ya mazishi ina mwanzo wake. Ngoma kubwa hulia peke yake, pigo zito moja moja, kisha hunyamaza. Halafu hulia tena. Ndipo nyingine huingia na watu huanza kucheza.

Mwanzo huo ndio unaoita. Anayeusikia huacha jembe palepale shambani. Wanawake hujifunga kanga kiunoni, hutwika mkungu wa ndizi au ungo wa unga, na kuufuata mlio. Jina la marehemu huuliza wakishafika.

"Huulizi kwanza ni nani ndipo uondoke," anaeleza Ambindwile. "Unaondoka, halafu unauliza. Ukikaa kuulizia nyumbani, watu watasema wewe unachagua misiba."

Shuleni ngoma iliingia kwa mkono wa Mwalimu Cosmas, kijana kutoka Tabora aliyepangiwa hapa kufundisha Kiswahili na kukabidhiwa shughuli za sanaa. Alikuta shule ina timu ya mpira, ina netiboli, ina kwaya na klabu ya mdahalo. Lakini kila ikifika zamu ya ngoma za asili kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wanafunzi wake walikaa kwenye nyasi kushangilia wenzao.

Siku moja alipita jikoni akamkuta mfyeka nyasi anapiga ndoo iliyopinduliwa huku akisubiri ugali. Mwalimu alisimama mlangoni mpaka ugali ukapoa. Wiki iliyofuata klabu ilianza na wanafunzi wachache waliokimbia zamu ya kudeki.

Ambindwile aliwafundisha kila kitu isipokuwa mwanzo. Walikuwa wakianzia katikati, ngoma zote kwa pamoja, na hakuna mwanafunzi aliyejua kwamba kuna kipande kimeachwa.

Miongoni mwao alikuwapo Tulia, wa kidato cha tatu, binti wa Tulinagwe, mama mkulima wa chai na ndizi anayeishi Kawetele chini tu ya kilima cha shule. Tulia alitaka ngoma kubwa. Wavulana wakanuna. Ambindwile mwenyewe alikataa.

"Nilimwambia, mwanamke anacheza, hapigi," anakumbuka Ambindwile. "Akaniuliza, 'Babu, nani alisema?' Nikatafuta jibu sikuliona. Nikampa mkwiro wa kupigia."

Alikuwa mdogo wa umbo, mwembamba, ila alipiga kwa bega zima. Ambindwile anasema hajapata kumfundisha mtu aliyeshika mafundisho yake yote haraka namna ile. Akilisema hilo hutazama pembeni, na mwandishi wa makala haya alijifunza kutomharakisha.

Kosa lilifanyika mwezi wa tano mwaka jana, mashindano ya wilaya yakiwa yamekaribia. Mwalimu Cosmas alikuwa amesikia kwa walimu wenzake kwamba waamuzi hukata alama kwa ngoma isiyo kamili. Akamfuata mzee, akamuuliza kama ngoma yao ina mwanzo.

"Inao," akajibiwa.

"Basi tuuweke."

Ambindwile angeweza kukataa. Hakukataa, na hajitetei kwa hilo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uwanjani, magoli hayaonekani, naye akajiambia kwamba mlio hautatoka nje ya ukungu ule. Lakini anakiri kwamba sababu kubwa haikuwa ukungu.

"Nilitaka kuusikia kwa mkono wa yule mtoto," anasema. "Watoto wangu mwenyewe wako Dar es Salaam, hakuna anayejua kupiga hata debe. Nikasema, mara moja tu, niusikie ukitoka sawasawa."

Ulitoka sawasawa. Tulia alipiga, akanyamaza, akapiga tena, na ukungu haukuzuia chochote.

Wachezaji walikuwa bado wanajipanga mstari waliposikia kilio kikipanda kutoka kwenye migomba. Wa kwanza kutokea alikuwa Bibi Elina, yule wa nyumba ya bati jekundu, mkungu wa ndizi kichwani, machozi yameshamtoka. Nyuma yake wakaja wengine, wenye unga, wenye kuni, wenye watoto mgongoni.

"Ni nani?" akauliza. "Ni nani jamani?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakukuwa na jibu. Na kwa kuwa ilikuwa shule, kila mwanamke aliyekuwa na mtoto pale alijijibu mwenyewe. Mmoja alikimbia darasa hadi darasa akiita jina la mwanawe. Alipomwona amekaa anaandika alimkumbatia, kisha akamchapa kofi, kisha akaketi sakafuni akalia.

Walipoelezwa kuwa ni mazoezi, wapo waliocheka hadi wakashika mbavu. Wapo waliogomba. Mkuu wa shule, mama mpole, aliomba radhi mbele ya kila mmoja. Bibi Elina hakucheka wala kugomba. Alijitwika ndizi zake akarudi nazo nyumbani, na kwa watu wa hapa, kurudi na ndizi ulizozipeleka msibani si jambo la kupendeza.

Wanafunzi walilifanya kichekesho cha muhula. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Tulia.

Katika likizo ya katikati ya mwaka Tulia aliugua homa ya mapafu. Ilimchukua haraka. Mama yake anasema asubuhi alikuwa akiomba uji, jioni akawa hamtambui mtu. Alifariki dunia akiwa na miaka kumi na sita.

Maneno yalianza kabla hata kaburi halijachimbwa. Hayakuwa na mwenyewe, yalipita tu kutoka kisimani hadi sokoni. Walisema yule mtoto alipiga ngoma ya msiba pasipo na msiba, na msiba ukaja kumtafuta. Walisema alijiita mwenyewe.

Siku ya mazishi wanaklabu walishuka kilima wakiwa na sare za shule na ngoma vichwani. Kwenye njia ya kuingilia nyumbani walikutana na baba mdogo wa marehemu. Hakuwatukana. Aliwaambia tu wapite wao, ngoma zibaki.

Wanafunzi wakaingia mikono mitupu. Ambindwile alibaki barabarani na ngoma. Manyunyu yalipoanza akazifunika kwa nailoni, akasimama hapo akiisikiliza kwaya kwa mbali.

"Yule mtoto alizijua ngoma zile kuliko sisi wote," anasema. "Akazikwa zikiwa barabarani, zimefunikwa nailoni kama magunia ya mbolea."

Kikao cha wazazi kilichofuata kiliifuta klabu. Ngoma zikaingizwa stoo pamoja na mipira iliyopasuka. Ambindwile aliachiwa kazi yake ya kufyeka, ila tangu siku hiyo hakushika tena mkwiro, hata walipomjia watu wenye misiba yao. Aliwaambia mkono unamsumbua. Mkono ulikuwa mzima.

Je, anaamini yaliyosemwa?

Swali hilo halikumkasirisha. Alifuta fyekeo lake kwa majani makavu, pande zote mbili.

"Mimi ni Mmoraviani, nimebatizwa hapa hapa Rungwe. Kyala, yaani Mungu, ndiye anayeita watu, si ngoma. Kanisani nasema hivyo na ninaamini. Lakini kila nikitoka kazini, ile njia inayopita kwa mama yake nilikuwa siipiti. Nazunguka. Sasa kama naamini, nazunguka nini?"

Mwalimu Cosmas naye ana mzigo wake. "Mimi mgeni. Kwangu ulikuwa ni mwanzo wa ngoma, basi. Mzee hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Angenigombeza ningelala."

Hali ilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Kisha mwezi uliopita Tulinagwe, mama yake Tulia, alipanda kilima akaingia ofisini kwa mkuu wa shule. Hakuwa amefika hapo tangu alipokuja kuchukua godoro la binti yake.

Familia ilikuwa inamalizia kujengea kaburi, na ibada ya kumbukumbu ilipangwa Jumamosi. Alikuja kuomba ngoma.

Nyumbani kwake, mbele ya kikombe cha chai, aliyarudia maneno aliyoyasema siku hiyo. Ni mwanamke wa sauti ya chini, na huongea akitazama mikono yake.

"Wanasema mwanangu alijiita. Mimi nimesikia, hata kama hawasemi mbele yangu. Nauliza, alikosa nini? Aliambiwa piga, akapiga. Watu wakaja wakarudi na ndizi zao. Halafu siku ya kumzika, ngoma ikakatazwa. Kwa hiyo ile aliyoipiga imebaki hewani mpaka leo, haina mwenyewe."

Alisogeza kikombe pembeni.

"Nataka ilie hapa mlangoni pangu. Wakija, wakute kweli kuna msiba. Hapo lile neno litakwisha."

Baba mdogo alipinga, kisha akanyamaza. Mkuu wa shule aliita kamati ya wazazi, na kamati ikakubali klabu irudi kwa lile sharti la kupita kwa majirani kabla ya kila zoezi.

Ngoma zilipotolewa stoo zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Ngozi ya ile kubwa ilikuwa imeoza ukingoni. Ambindwile aliiwamba upya kwa ngozi ya ng'ombe aliyopewa na rafiki yake mchinjaji, na sasa kila siku ya mazoezi ngoma zote hupangwa kwanza kuzunguka moto wa jikoni. Bila moto, kwa unyevu wa huku, ngoma hulia kama sufuria la uji.

Jioni hii ya Alhamisi zimeshakauka. Ambindwile amerudi kutoka kwa majirani, matope hadi magotini, na wanafunzi wamejipanga kwenye nyasi. Ngoma kubwa anaishika Agness, wa kidato cha nne, aliyekuwa akilala kitanda kimoja cha ghorofa na Tulia bwenini, yeye chini na mwenzake juu. Wanaanzia katikati, kama zamani. Hawachezi kwa shangwe. Wanacheza wakiwa wameinamisha vichwa, na bado miguu yao inakwenda pamoja.

Wakipumzika, Agness anamsogelea mzee.

"Babu, Jumamosi mwanzo nitaupiga mimi?"

"Hapana. Nitaupiga mimi."

"Lakini mimi ndiye niliye kwenye ngoma yake."

"Agness. Kama kuna neno litakalosemwa baadaye, acha linifuate mimi. Mimi nimeshaishi."

Binti anataka kubishana, anaona uso wa mzee, anarudi mahali pake.

Hata hivyo si neno hilo linalomkosesha raha wiki hii. Kuna jambo lingine, nalo analisema wanafunzi wakiwa wameondoka.

Kwa wiki kadhaa sasa yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango akiwaambia watu kwamba wakisikia ngoma wasije. Wamezoea. Ngoma inalia, wao wanaendelea kumenya ndizi. Na kwa ajili ya Jumamosi hajamwambia mtu yeyote. Mama yake Tulia ameomba iwe hivyo, waalikwe ndugu peke yao, na waliobaki waitwe na ngoma yenyewe.

"Nimewafundisha kukaa," anasema Ambindwile. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sasa nikipiga na asije mtu, yule mama nitamtazamaje? Itakuwa mwanawe ameita mara mbili, na mara zote mbili ndizi zimebaki kwa wenyewe."

*

Jumamosi ukungu umelala juu ya migomba. Kaburi jipya la saruji liko upande wa chai, limefagiliwa, lina shada moja la maua ya shambani. Mchungaji amemaliza kusali. Ndugu wamekaa kwenye mabenchi, wanaklabu wamesimama nyuma ya ngoma zao. Baba mdogo amejitenga kidogo, ameegemea mti wa parachichi.

Ambindwile amevaa koti la harusi yake, ambalo mikono imemfikia juu ya vifundo vya mikono. Anamtazama Tulinagwe. Mama anaitikia kwa kichwa.

Anapiga. Ni pigo zito, kisha lingine, kisha lingine. Ananyamaza.

Kinachosikika ni maji yanayodondoka kutoka kwenye majani. Mwalimu Cosmas anatazama viatu vyake. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja na kalamu, anajikuta anaomba Mungu mtu yeyote atokee njiani, hata kama amepotea.

Hatokei mtu. Mzee anainua mkwiro. Anapiga tena, safari hii kwa bega zima, na ukungu unaubeba mlio kuelekea chini.

Hapo ndipo kinasikika kilio. Kinatoka mbali, sauti moja ya kizee, kisha ya pili inaipokea. Kwenye njia ya kuingilia, palepale ngoma zilipozuiwa mwaka jana, anatokea Bibi Elina. Kanga ameifunga kiunoni, miguu pekupeku, mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake wanaongozana wengine, mwisho wa mstari hauonekani kwa ukungu.

Bibi anasimama mbele ya nyumba. Anajua ni nyumba ya nani na kaburi ni la nani. Lakini ngoma imelia, na anayeitikia ngoma lazima aulize.

"Ni nani?" anauliza.

Tulinagwe anasimama kutoka kwenye benchi. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Ni Tulia, mama," anasema. "Ni Tulia wangu."

Bibi Elina anatua mkungu wa ndizi miguuni pake, anamkumbatia, na wote wawili wanalia kwa sauti. Wanawake wanazidi kuingia, kila mmoja anaweka alichobeba, na lundo linakua. Baba mdogo anauacha mti wa parachichi, anakwenda kupokea kuni.

Ambindwile anavua koti. Anamfuata Agness, anamkabidhi mkwiro, na ngoma zote zinaingia kwa pamoja.

Baadaye, watu wakiwa wanakula ndizi zile zile, anapatikana amekaa pembeni akifuta matope kwenye viatu. Anasema Jumatatu ana uwanja wa kufyeka, nyasi zimemzidi. Mwezi wa sita klabu itakwenda mashindano ya wilaya, Agness akiwa kwenye ngoma kubwa, na kama Mungu akijalia watafika mkoani.

Anaulizwa kama safari hii watapiga ngoma kamili, ukiwemo mwanzo.

"Hapana," anajibu, na kwa mara ya kwanza wiki hii anatabasamu. "Waamuzi wakitaka kukata alama, wakate. Mwanzo tumeshaupiga."